Maji ya Shangazi

Kufa tunaogopa, sikatai, lakini kunuka tunaogopa zaidi. Nimekulia katika nyumba ya watu wa Maniema waliohamia Kisangani, na kwetu msichana alisifiwa usafi kabla hajasifiwa akili. Mimi nilisifiwa vyote viwili, nikajivuna navyo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, watoto wananiita Madame, na kwa miaka mingi kila Jumatatu asubuhi nilikuwa nawapanga mstari nikague kucha na shingo. Mwenye uchafu nilimtoa mbele. Namtoa mbele wenzake wamuone, ndiyo! Nilidhani huko ndiko kulea. Siku hizi sifanyi tena, na sababu yake ni aibu ambayo nikiikumbuka peke yangu jikoni, mpaka leo, najifunika uso na kitenge.

Aliyenifundisha usafi ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Anakaa Kabondo, anauza makala, ndiyo mkaa, sokoni. Wauza makala wote wa soko lile utawajua kwa mikono, weusi mpaka kwenye viwiko, lakini shangazi yangu ana kucha nyeupe kama za karani. Anapima makala, anapokea pesa, anageuka nyuma kwenye ndoo yake, ananawa kwa ndimu na sabuni, kisha ndiyo anakupa mkono. Watu wanamtania: "Mama, makala yako haichafuaki?" Yeye anajibu, "Inachafua ule anapenda uchafu."

Hakuzaa. Bwana yake alimngojea, akachoka kungoja, akaenda Isangi akaoa mwingine huko. Watu walisema yale watu wanayosema: wengine uchawi wa upande wa mama, wengine ujana wake. Yeye hakujibu mtu. Akaendelea na makala yake, na kila binti wa ukoo alipokaribia kuolewa alipelekwa kwake afundishwe.

Zamu yangu ilipofika alinifungia chumbani mwake na beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na maji ya moto kiasi, chumvi, ndimu, majani aliyoyaponda mwenyewe, na chembe za ile dawa ya zambarau ya famasi inayogeuza maji kuwa kama divai. Pembeni aliweka poire, ule mpira mdogo wenye mdomo ambao kila nyumba kwetu inao kwa kusafishia tumbo la mtoto. Akanionyesha. "Muke anajifua kama vile anafua nguo," alisema. "Inje na ndani. Bwana yako asisikie hata harufu ya jana." Nilichomwa, nikauma meno. Akaniambia kule kuchoma ndiyo alama ya kwamba uchafu unatoka. Basi nikajifua hivyo asubuhi na jioni, ndoa yangu yote, kwa bidii ileile niliyokuwa naitumia kufuta ubao.

Mimba ya kwanza iliingia upesi, ikatoka bado changa. Nikapata homa na maumivu chini ya kitovu. Hospitali sikwenda, maana ningelala mbele ya mwanaume, nifunguliwe miguu katika hali ile? Aa, hapana. Shangazi akaja na maji yake, akayaongezea majani mengine. Homa ikaisha. Tukasema tumepona, na mimba nyingine haikuingia tena.

Miaka ikapita. Mama mkwe wangu akaanza kuniuliza habari za ujana wangu, eti kwa kutania tu. Mwishowe mimi na bwana yangu tukaenda Kinshasa kwa daktari wa wasiozaa, nikapigwa picha ya ndani. Mirija yote miwili ilikuwa imeziba. Daktari akaeleza kwamba maambukizo ya zamani yanaweza kuacha makovu, mrija ukashikana. Bwana yangu anatengeneza pikipiki na baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, alielewa kuliko mimi: "Kama chambre à air wamemwangia solution ndani," akasema, yaani mpira wa ndani wa tairi uliomwagiwa gundi, na daktari akacheka, akasema ndiyo, hivyo hivyo.

Njia iliyobaki ilikuwa ile ya kutoa yai la mwanamke, kuliunganisha na mbegu ya mwanaume nje ya mwili, halafu kulirudisha kwenye kizazi. Namna tulivyoihangaikia safari hiyo nisiseme. Tulipata viini viwili. Kimoja wakakiweka, hakikushika. Kingine kikabaki Kinshasa kwenye baridi kali, kikitungoja. Hicho ndicho kilikuwa cha mwisho. Mayai yangu yalikuwa yameanza kuchoka, daktari hakuficha: kikipotea hicho, tusitegemee kupata kingine.

Bwana yangu akakiita Mgeni. Jioni akitoka kazini ananiuliza, "Mugeni wetu anasema nini?" Namjibu, "Anasikia baridi." Anasema, "Avumilie. Akifika, siku mbili tutamupikia, siku ya tatu tunamupa jembe." Tulicheka, lakini usiku nilikuwa nalala na Mgeni kichwani.

Daktari wa Kinshasa hakutaka kumweka Mgeni kabla ya kujua kwa nini wa kwanza alikataa. Alishuku ngozi ya ndani ya kizazi imevimba kimya kimya, bila homa wala maumivu, kwa sababu ya vijidudu vilivyojificha. Akasema kiini kinahitaji kushika pale kama mbegu kwenye udongo, na pakiwa pamevimba mara nyingi hakishiki. "Rudi Kisangani, wachukue ute wa ndani, wapime," aliniambia. "Tukimweka bila kujua, tunaweza kumpoteza bure."

Daktari wa Kisangani alikuwa kijana wa miwani, sauti ndogo, na mimi nilimhesabia umri nikaona angeweza kuwa mmoja wa wanafunzi wangu wa kwanza. Mungu wangu! Kumpandia huyo meza ya uchunguzi! Muuguzi wake aliniambia maneno mawili: kabla ya kipimo usijinawe ndani, na usimeze dawa yoyote. Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini nilichukua kuwa ni adabu. Si unajua, ukifika kwa mtu anakuambia, "Ingia tu na viatu, usivue," na wewe, ukiwa umelelewa, unavua. Nani anabaki na viatu kweli? Niliona wanawake wavivu ndio wanaosamehewa hivyo. Mimi Madame nitamwonyesha yule kijana mwanamke wa heshima akoje.

Siku ya kipimo shangazi alifika alfajiri na beseni lake. Nilijisafisha, nikarudia tena. Na usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimemeza vile vidonge vyekundu na vyeusi vya ampi, vinavyouzwa rejareja kila kona, ili kama kuna kitu, kife kabla hakijaonekana. Majibu yakaja kutoka maabara, labo kama tunavyoita: hakuna kitu. Daktari akashangaa, akaomba kurudia. Nikarudia na beseni na vidonge vyangu. Hakuna kitu. Mara hiyo nilimwambia kwa kujidai, "Docteur, nilikuambia. Mimi ni mtu safi."

Aliniangalia tena kwa taa yake, akakaa juu ya kiti kidogo, akavua miwani. "Madame, macho yangu yanaona pamevimba, pekundu, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Labo inasema hakuna kitu. Mmoja wetu anadanganywa. Unajinawa na nini?"

Hasira ikanipanda. "Docteur, mama yako alikufundisha kuuliza wanawake maswali ya namna hii?"

"Mama yangu hapana," alisema. "Shule ndiyo ilinifundisha. Unajinawa na nini?"

Nikamwambia. Beseni, ndimu, chumvi, zambarau, poire, vidonge. Kadiri nilivyotaja ndivyo sauti yangu ilivyopungua, kama mtoto anayetaja alivyoiba. Sikuwahi kusema mambo hayo mbele ya mwanaume, hata bwana yangu hajui. Masikio yaliniwaka moto. Nilitamani ile meza inimeze.

Hakunitukana, na heri angenitukana. Alinieleza polepole kwamba ndani ya mwanamke mna walinzi wake, vijidudu vizuri visivyoonekana, na ndivyo vinavyozuia vibaya. Kuosha kwa ndani kunawaua walinzi. Poire nayo inaweza kusukuma vibaya juu, mpaka kwenye kizazi. Halafu vidonge viwili vitatu haviponyi, vinavilaza tu vijidudu vibaya, labo isivione, na ugonjwa unabaki palepale. "Umefagia nyayo za mwizi kabla polisi hawajafika," alisema. "Na mwizi bado iko ndani ya nyumba."

Darasani kwangu niliwahi kuandika methali ubaoni, mficha uchi hazai, nikawauliza watoto maana yake. Mmoja alijibu kwamba mgonjwa lazima amwonyeshe daktari kidonda. Nilimpa alama zote. Kumbe mwalimu mwenyewe hakuwa ameelewa.

Agizo likawa: kwa majuma kadhaa hakuna maji ndani, hakuna dawa, kisha nirudi nilivyo. Nilivyo! Hakuna adhabu aliyowahi kunipa mtu kubwa kama hiyo. Shuleni nilikaa mbali na wenzangu. Kwenye misa nilichagua mwisho wa benchi, karibu na dirisha. Nilipowakagua watoto Jumatatu, nilimkuta mmoja ana shingo chafu, nikafungua mdomo kumtoa mbele, nikaufunga. Nyumbani nilimuuliza bwana yangu, "Nanuka?" Akanusa shingo yangu, akajifanya anafikiri sana. "Unanuka muke," akasema. Nikalia, yeye akidhani nacheka.

Siku ya kurudi ikafika. Na shangazi naye akafika, kama kawaida yake, ameshuka kwenye pikipiki ya abiria na thermos ya maji tayari na beseni kwapani. Sikuwa nimemwambia kitu. Ningemwambiaje?

"Bado uko hivi?" akauliza. "Vua upesi, maji itapoa."

"Leo hapana, shangazi."

"Hapana nini? Mutoto, utaenda ku docteur hivi hivi? Ukoo watasema sikukufundisha."

"Docteur amekataza."

Akacheka. "Docteur ni mwanaume, anajua nini? Mugeni akitaka kuya, tunafagiaka nyumba. Weye unataka umupokee Mugeni na takataka?" Akaanza kumimina maji kwenye beseni. Mvuke ukapanda na ile harufu ya ndimu na majani, harufu ya ndoa yangu yote, na nikasikia mwili wangu wenyewe unataka kuvua nguo na kutii.

Hapo hasira yangu ikatoka. Sikupiga kelele, hilo nashukuru, majirani hawakusikia. Lakini nilimweleza kama ninavyoeleza somo, hatua kwa hatua, kwa mikono, na sauti ya Madame. Walinzi wa ndani. Poire inavyosukuma. Makovu, mirija. Homa ile ya zamani tuliyoitibu chumbani badala ya kwenda hospitali. "Maji yako, shangazi," nikasema. "Inaweza kuwa maji yako ndiyo yameniharibu, na sasa unataka yamwue na Mgeni."

Alikuwa bado ameinamisha thermos. Akaisimamisha. Akakaa juu ya kigoda, beseni magotini, mikono yake myeupe imeshika kingo mbili. Akaangalia ndani ya maji. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei:

"Na mimi je?"

Aiee. Sikuwa nimefikiria. Nakuapia, katika ujinga wangu wote, na hasira yangu, na masomo yangu, sikuwa nimefikiria hata kidogo. Mwanamke aliyejiosha hivyo kabla mimi sijazaliwa, aliyeachwa kwa sababu ya tumbo, na mimi nimemsomea somo zima la tumbo lake mwenyewe.

"Sijui, shangazi," nikasema. Nje mwenye pikipiki wa kunipeleka akapiga honi. Nikachukua mkoba wangu nikatoka, na nilipogeuka mlangoni nilimwona bado amekaa na lile beseni.

Nilipanda meza nilivyo. Nilifumba macho, nikakaza taya, nikangoja yule kijana akunje pua. Hakukunja. Alifanya kazi yake, akasema asante.

Safari hiyo labo ilimkuta mwizi. Daktari alipotaja jina refu la kijidudu nilipiga makofi, nikaona aibu ya kupiga makofi kwa ugonjwa. Tukapewa dawa wote wawili. Bwana yangu aligoma kidogo, "Mimi siko na kitu, mimi niko muzima!" Daktari akamweleza kwamba mwanaume anaweza kubeba bila kusikia chochote, na tukitibiwa mmoja tutakuwa tunarudishiana. Akameza, akilalamika kama mtoto. Tukamaliza dozi yote. Kipimo cha pili, nikiwa nilivyo tena, kikatoka safi, usafi ambao sikuufanya mimi. Nikasafiri Kinshasa, Mgeni akaingizwa nyumbani.

Miezi ile shangazi hakuja kwangu. Nikimpitia sokoni ananipokea vizuri, ananiuliza bwana, ananiuliza shule, Mgeni hamtaji. Halafu nikasikia jambo. Binti ya binamu yangu alikuwa anaolewa, wakampelekea shangazi kreti ya vinywaji kama desturi, wamwombe afundishe. Akairudisha kreti bila kufungua chupa hata moja. "Mumupeleke kwa Madame," aliwaambia. "Yeye ndiye anajua." Walinisimulia huku wakicheka, wakidhani amezeeka. Mimi nilikwenda kukaa chooni mpaka machozi yaishe. Nilikuwa nimemwondolea kazi pekee iliyomfanya awe mama wa mabinti wote wa ukoo, na sikumpa chochote mahali pake.

Mgeni akashika. Kwanza sikuamini, nikapima tena, bwana yangu akaenda kuwasha pikipiki ya mteja akaizungusha kiwanja chetu kizima akipiga honi. Siku iliyofuata nilikwenda Kabondo. Nilimwambia shangazi kwa sikio, katikati ya magunia ya makala. Akasema, "Mungu asifiwe." Akanawa mikono kwenye ndoo yake, akanishika mashavu yote mawili. Kisha akauliza, "Ku docteur utaenda siku gani? Nitakupeleka." Nikamtajia siku.

Siku hiyo alichelewa. Nilikuwa nimeshalala kwenye meza daktari anatafuta na mashine yake tumboni, ndipo shangazi akaingia, amefunga kitenge chake kizuri, mikono ameificha ndani yake. Akasimama kwenye kichwa changu. Kwenye kioo kikaonekana kitu kidogo kinapigapiga, bila kupumzika. "Ni moyo," alisema daktari. Shangazi akauliza, "Iko muzima?" Daktari akasema mzima kabisa. Akauliza tena. Daktari akamjibu tena.

Nikajifuta tumbo, nikashuka. Nilikuwa nafunga kitenge changu nilipomwona shangazi anavua kandambili, anazipanga vizuri chini ya meza, moja kando ya nyingine.

"Docteur, na mimi," akasema.

Yule kijana akaniangalia mimi, kisha yeye. "Mama una shida gani? Unaumwa?"

"Siumwe. Bwana yangu aliniacha juu ya tumbo. Nataka kujua kama ni mimi nilijiharibu."

"Mama," daktari alisema, akivua miwani kama alivyoivua kwangu, "miaka imepita mingi. Hata nikiangalia, sitaona yaliyokuwa zamani. Huenda ilikuwa maji, huenda kitu kingine, huenda ilikuwa bwana. Siwezi kukudanganya."

"Naelewa. Weye angalia tu."

Akapanda peke yake, hakutaka nimshike. Akalala, akageuza uso ukutani. Hapo ndipo mikono ilipotoka ndani ya kitenge, ikalala kifuani mwake, na mimi, ambaye nimekagua mikono ya watoto maisha yangu yote, nikaiona. Ilikuwa myeusi. Makala kwenye kucha, makala kwenye mikunjo ya vidole, makala mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa nimemwambia kwamba daktari amekataza kunawa, na katika somo langu lote sikusema kwamba mikono inaruhusiwa. Akatii yote.

"Samahani, docteur," alisema, sauti ndogo kama ya mtoto aliyetolewa mbele ya wenzake. "Sikunawa. Tangu juzi sikunawa."

Nilikwenda nikaushika ule mkono mweusi kwa mikono yangu miwili. Daktari alikuwa anavaa glavu.

"Umefanya vizuri, mama," akasema.